Hesabu ya Simon Mtuy kwenye njia ya Umbwe

Simon Mtuy ni mtoto wa Mbahe, Marangu, kwenye Mlima Kilimanjaro. Geti la Marangu liko jirani na kwao, na njia yake, ambayo watu wa mlimani huiita Coca-Cola, ina mteremko wa kukimbilika. Mwaka 2001 Mwitaliano Bruno Brunod aliitumia kufika kilele cha Uhuru kwa saa 5 na dakika 38. Lakini Desemba 2004, alipotaka rekodi ya kupanda na kushuka, Mtuy aliiacha akaenda Umbwe.

Kwa kuitazama tu ramani, uamuzi huo unashangaza. Geti la Umbwe liko mita 1,600 hivi, chini kuliko la Marangu, kwa hiyo alijiongezea mwinuko. Alichopunguza ni umbali. Umbwe hupanda moja kwa moja juu ya mgongo mwembamba wa msitu, mahali pengine ukishika mizizi kwa mikono, hadi kambi ya Barranco. Hapo mbio hazisaidii. Kinachotakiwa ni miguu ya kupanda bila kusimama, na Mtuy alikuwa nayo. Alianza kama mgumu, yaani mpagazi, kisha akawa mwongozaji. Kazi hiyo ilimzoesha pia hewa ya juu, kwani kileleni, mita 5,895, oksijeni ni kama nusu ya ile ya pwani.

Kushuka alichagua Mweka, njia ya kushukia tu. Chini ya Stella Point, ukingoni mwa kreta, kuna changarawe legevu: unachimba kisigino, unaachia mwili uteleze. Jumla, saa 8 na dakika 27.

Februari 2006 alirudi Umbwe peke yake, amebeba chakula, maji na nguo zake. Kwenye mgongo ule maji ni ya shida hadi Barranco, hivyo mzigo ulikuwa mzito hasa kwenye mwinuko mkali. Tumbo nalo lilimsumbua. Alitumia saa 9 na dakika kama 20, na mimi naiheshimu safari hii kuliko ya kwanza.

Rekodi ya Mtuy ya kupanda na kushuka ilivunjwa mwaka 2010 na Kilian Jornet wa Hispania, aliyepandia Umbwe vilevile: saa 7 na dakika 14. Mwaka 2014 Karl Egloff, Mswisi wa Ekwado, akaishusha rekodi hiyo hadi saa 6 na dakika 42. Katika zile dakika 32 alizompita Jornet, takriban 27 alizipata akiwa anapanda.