Hypatia katika Riwaya ya Kingsley

Charles Kingsley alitoa riwaya yake, Hypatia, mwaka 1853. Mauaji ya mwanafalsafa huyo, mjini Alexandria mwaka 415, ameyasimulia kwa nguvu, na hapo hatuna la kumlaumu. Kosa lake ni kumfanya mwanamke wa miaka 25, kisha kumwelekeza kwenye Ukristo kabla tu ya kufa. Hypatia wa historia alikuwa mtu mzima, mwalimu aliyeandika ufafanuzi wa hesabu za Diophantus. Synesius, mwanafunzi wake, hata alipokuwa askofu alimwita mama na mwalimu, wala hakumdai abadili dini. Kingsley alimjua Synesius vyema, naye amemtia riwayani. Lakini amemfanya askofu mpenda kuwinda, wa kuchekesha kidogo.