Vitendawili na Majibu Yake

Vitabu vya vitendawili viwekavyo jibu kando ya swali twaviona vina kasoro. Mtoto aambiwapo, “Nyumba yangu haina mlango,” hana budi kupima: ni kitu gani kilichozibwa pande zote? Jibu lililozoeleka ni yai. Lakini tulimsikia mtoto mmoja akijibu, “Kaburi,” naye ana hoja; mwalimu, kitabu mkononi, akamwambia amekosa. Watoto waliobaki wakanyamaza, wakingoja kusomewa. Barazani sivyo: mtegaji husema, “Kitendawili!” wenziwe huitika, “Tega!” kisha kila mtu hujaribu, na wakishindwa wote ndipo hudaiwa mji. Majibu na yachapwe, ila mwisho wa kitabu. Na huyo wa kaburi aulizwe kwanza sababu yake.