Deni la Manyoya Marefu

Mabanda ya sungura nyuma ya nyumba za Bunju na Chamazi, Dar es Salaam, ni ya wanyama wa manyoya mafupi, wafugwao kwa nyama, na chanuo halina kazi humo. Sungura wa Angora ni habari nyingine. Jina lake limetokana na Ankara, Uturuki, na manyoya yake hukua kiasi cha sentimita 2 hadi 3 kwa mwezi, laini kupita sufu ya kondoo. Urefu huo haukujileta: binadamu alichagua kizazi baada ya kizazi mpaka akapata mnyama asiyeweza kujitunza mwenyewe. Kwa hiyo kumchana si kumremba, ni kulipa deni, na mlipaji ni yule aliyetaka kumfuga.

Mkono mmoja hushika manyoya karibu na ngozi yasivutike, wa pili huchana kuanzia nchani kurudi shinani, kama msusi wa Mbagala anavyofumua nywele zilizofungamana. Ngozi ya sungura ni nyembamba, huchanika upesi; ndiyo maana fundo huanzwa kwa vidole, na mkasi ukilazimika hupitishwa sambamba na mwili. Mafundo hujificha nyuma ya masikio, kwapani na kuzunguka mkia, ambako mwenye haraka hafiki. Wakati wa masika uchafu wa hapo mkiani huita nzi, na funza huila ngozi ingali hai.

Atasema mtu kwamba sungura wa porini hachanwi na mtu, hujilamba tu. Kweli, ila yule ana manyoya mafupi. Angora akijilamba humeza mengi, na sungura hatapiki. Nyasi kavu zikipungua, tumbo husimama naye hufa. Hoja kwamba pwani kuna joto mno kwa Angora ni nzito zaidi, na sina haja ya kuikwepa. Sungura hupoza mwili kwa masikio, na joto likipita nyuzi 30 hutaabika. Mchana wa Januari na Februari, Dar es Salaam hupita hapo. Anayependa manyoya yaonekane marefu ampeleke Lushoto au Njombe. Anayebaki Temeke ashike mkasi kuliko chanuo, anyoe kabla miezi 3 haijatimia, aridhike na mnyama asiyependeza pichani.

Lakini siku hizi picha ndiyo inayotafutwa, na wenye biashara wanatafuta kasi. Mwaka 2013 filamu ya PETA, shirika la kutetea wanyama, ilionyesha sungura wa China wakinyofolewa manyoya huku wakilia, na maduka ya Ulaya, H&M likiwamo, yakaacha kuagiza. Kinachouma ni kwamba kutoa manyoya kwa mkono ni ufundi wa zamani: Angora wa Kifaransa hupukutisha kwa msimu, na mfugaji mvumilivu hungoja yaachie, kisha huyaokota kwa vidole bila kutumia nguvu. Waliotaka haraka waliondoa kule kungoja tu.