Ufundi wa Kuitazama Timu Inayofungwa

Tarehe 2 Desemba 2021, mjini Memphis, Oklahoma City Thunder walifungwa pointi 152 kwa 79. Katika historia yote ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, hakuna timu iliyokuwa imefungwa kwa tofauti kubwa kama hiyo ya pointi 73. Huku kwetu ilikuwa alfajiri, saa ambayo mtu mwenye akili zake huwa yumo ndani ya shuka, lakini mshabiki wa Thunder alikuwa macho, simu mkononi, akiitazama robo ya nne ya mchezo uliokwisha zamani. Mtu wa namna hii wenzake humwonea huruma, na wengine humcheka. Mimi nakusudia kumsifu. Anachokifanya ni kazi ya ufundi, na kama ufundi mwingine wowote, una kanuni zake, una wanaoufanya ovyo na wanaoufanya vizuri.

Msomaji aliyelelewa na Simba na Yanga, au Gor Mahia na AFC Leopards, atauliza kwa nini klabu ikubali aibu ile na kocha asifukuzwe asubuhi yake. Jibu liko katika mfumo wa ligi yenyewe. NBA ina timu 30 na haina daraja la kushuka. Kila mwaka timu hupokezana kuchagua vijana wapya katika drafti, na zile 14 zilizokosa mchujo huingizwa kwanza katika bahati nasibu. Mipira 14 yenye namba huchanganywa ndani ya mashine, minne hutolewa, na michanganyiko inayowezekana ni 1,001. Tangu mwaka 2019, timu tatu zilizofanya vibaya kuliko zote hupewa kila moja asilimia 14 ya kupata chaguo la kwanza. Kwa hiyo kufungwa kuna malipo, ila malipo yenyewe ni ya kubahatisha. Waulize Charlotte. Msimu wa 2011-12 walishinda michezo 7 na kupoteza 59, wakaingia kwenye bahati nasibu wakiwa na nafasi nzuri kuliko wote, na bado chaguo la kwanza likaenda New Orleans, waliomchukua Anthony Davis.

Mimi niliingia Oklahoma City kwa mlango wa Hasheem Thabeet. Mtoto huyo wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alisajiliwa na Thunder mwaka 2012, wakati timu ilikuwa imetoka kufungwa na Miami katika fainali. Ilikuwa na Kevin Durant, Russell Westbrook na James Harden, vijana watatu ambao baadaye kila mmoja alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi. Kila mtu alidhani makombe yangefuatana. Harden akauzwa Houston kabla hata msimu mpya haujaanza. Durant akaenda zake Golden State mwaka 2016. Julai 2019 nyota mwingine, Paul George, akapelekwa Los Angeles kwa Clippers, na siku chache baadaye Westbrook naye akaondoka. Nyumba ikabaki kuta tupu.

Meneja mkuu, Sam Presti, aliyatazama yale magofu kwa jicho la hesabu. Kwa Paul George peke yake alipata chaguzi tano za raundi ya kwanza za miaka ya mbele, haki ya kubadilishana nafasi za uchaguzi mara mbili, mkongwe Danilo Gallinari, na kijana wa Kanada aliyekuwa na msimu mmoja tu kwenye ligi, Shai Gilgeous-Alexander. Mwaka 2020 kocha mkuu akaondoka, na kazi akapewa Mark Daigneault, mwenye umri wa miaka 35, aliyekuwa amewafundisha vijana wa timu ndogo ya klabu kwa miaka mitano. Msimu wake wa kwanza walishinda michezo 22 kati ya 72. Wa pili, 24 kati ya 82. Hiyo ndiyo misimu ninayotaka kuizungumzia, maana ndiyo iliyomfundisha mshabiki kazi.

Kazi huanza kwa kuamua nini cha kuhesabu. Ubao wa matokeo katika misimu kama ile husema jambo moja kila usiku, na anayeutegemea huchoka kabla ya Krismasi. Mshabiki fundi hutafuta hesabu nyingine. Chukua mfano wa Luguentz Dort, kijana wa Montréal mwenye asili ya Haiti, ambaye katika drafti ya 2019 hakuchaguliwa na timu yoyote. Kukaba alikujua tangu alipofika: alimganda Harden katika mchujo wa 2020 mpaka dunia ikamfahamu. Tatizo lilikuwa mtupo. Msimu wake wa kwanza alifunga chini ya asilimia 30 ya mitupo ya pointi tatu, na wapinzani walimwacha peke yake kwenye kona, wakimwambia bila maneno kwamba atupe tu. Naye akatupa, akakosa, akatupa tena, na kocha hakumtoa. Msimu wa 2024-25 alifunga zaidi ya asilimia 41. Gazeti huandika badiliko kama hilo kwa mstari mmoja. Aliyekuwepo usiku baada ya usiku aliona kiwiko kikinyooka kidogo kidogo na miguu ikianza kutulia, na aliona pia jambo ambalo halimo katika takwimu yoyote, kwamba kijana aliyekosa mara sita mfululizo haogopi ya saba.

Halafu kuna kutofautisha makosa. Kosa la mtu anayejifunza na kosa la mtu aliyekata tamaa huweza kuandikwa kwa namna moja kwenye karatasi ya mchezo: mpira umepotea. Josh Giddey wa Australia, aliyechaguliwa wa sita mwaka 2021 akiwa na miaka 18, alipoteza mipira mingi kwa sababu aliona njia ya pasi kabla mwenzake hajaiona. Pasi ilifika mahali ambapo mwenzake angekuwa kama angejua. Kosa la aina hiyo ni deni zuri, la kulipwa mwakani. Kosa la pili hujulikana kwa mabega: mchezaji hupoteza mpira, akatazama dari, akarudi kukaba kwa kutembea. Fundi akiona la pili likienea kikosini huanza kuhofu. Katika misimu ile ya Thunder lilionekana mara chache sana, na hiyo ilikuwa habari njema kuliko ushindi wowote kati ya ule wa kuokoteza.

Shai ndiye aliyekuwa somo kubwa. Mama yake, Charmaine Gilgeous, alikimbia mita 400 kwa bendera ya Antigua na Barbuda katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Mwanawe akapata jina kwa kupunguza mwendo. Huingia kwa kasi ya wastani, huchelewesha hatua moja, mkabaji hutangulia kwa nusu mita, na katika hiyo nusu mita Shai husimama, huinuka, hutupa. Wastani wake ulipanda kutoka pointi 19 kwa mchezo hadi 23.7, ukaenda 24.5, kisha msimu wa 2022-23 ukaruka hadi 31.4. Wengi walishangaa ametokea wapi. Alikuwa hapo hapo, katika timu iliyokuwa ikifungwa, akifanya mazoezi ya kusimama mbele ya watu ambao hawakuwa wakitazama.

Hapa Thabeet anarudi, kwa sababu ndiye anayetukumbusha upande wa pili. Mwaka 2009 Memphis walimchagua wa pili, mbele ya Harden na mbele ya Stephen Curry. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha walimshusha kwenye ligi ya maendeleo, kisha akapita Houston na Portland ndipo akafika Oklahoma. Nyumbani tulimpokea kwa majivuno, halafu baadhi yetu tukamgeuza mzaha, kana kwamba namba ya kuchaguliwa ni ahadi aliyoitoa yeye. Namba ile huwekwa na wakubwa juu ya kichwa cha kijana, na urefu wa zaidi ya mita 2.2 hauwezi kuifuta miaka ya kujifunza ambayo wenzake walianza utotoni. Kipaji huhitaji mahali pa kukosea. Timu nyingine hazina mahali hapo. Ama zina haraka, ama hazijui kufundisha. Jalen Williams alichaguliwa wa 12 mwaka 2022, kwa mojawapo ya chaguzi zilizotoka kwa Clippers, akitokea Santa Clara, chuo kisichojulikana kwa kikapu. Aaron Wiggins alichaguliwa wa 55. Isaiah Joe aliachwa na Philadelphia. Wote walikuta Oklahoma City mahali pa kukosea, na wote wakawa wachezaji.

Wapo pia ambao hawakuwa, na ufundi huu hautimii bila kuwapenda hao. Aleksej Pokuševski wa Serbia alikuwa mrefu mwembamba, akipiga chenga kama mchezaji mdogo na kutupa kutoka mahali ambapo hakuna kocha angependa. Tulimshangilia kwa moyo wote. Mapema mwaka 2024 aliachwa. Giddey mwenyewe, tuliyemlea kwa uvumilivu, aliuzwa Chicago mwaka huo huo kwa Alex Caruso, kwa sababu timu ilikuwa imekua na yeye hakukaa tena sawa ndani yake. Chet Holmgren alichaguliwa wa pili mwaka 2022, akaumia mguu Agosti ya mwaka huo huo na kukosa msimu mzima. Anayejenga mapenzi juu ya vijana anajua kwamba sehemu ya mapenzi hayo haitarudi kwake.

Lipo jambo linalonikera, nami sitalipita kimya. Machi 2021 klabu ilitangaza kwamba Al Horford, mkongwe aliyekuwa mzima wa afya, hatacheza tena msimu ule, ili vijana wapate muda. Maneno yalikuwa ya kweli, na kila mtu alielewa pia maana ya pili: kufungwa zaidi kulikuwa na faida. Hapo mshabiki hujaribiwa. Anaweza kuanza kushangilia mpira unaopotea, akahesabu asilimia za bahati nasibu badala ya kutazama mchezo. Akifika hapo ameiharibu kazi yake, kwa kuwa kijana aliye uwanjani hafungwi kwa makusudi. Anapigania mkataba, jina, na riziki ya watu wa kwao. Mpango wa kufungwa ni wa watu wa ofisini, na ubaki huko. Mimi nilitaka washinde kila mchezo, hata ule ambao ushindi wake ungetugharimu nafasi.

Tena mpango wenyewe huwa haufiki popote mara nyingi. Philadelphia, chini ya meneja mkuu Sam Hinkie, waliufanya kwa ukali kuliko wote: msimu wa 2015-16 walishinda 10 na kupoteza 72. Walimpata Joel Embiid wa Kamerun, aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023, na bado hadi 2025 hawakuwa wamevuka raundi ya pili ya mchujo. Detroit walipoteza michezo 28 mfululizo msimu wa 2023-24, wakamaliza na ushindi 14. Mwaka uliofuata wakashinda 44. Hakuna aliyeijua tofauti ya safari hizo mbili zilipoanza. Ndiyo maana nasema anayevumilia kwa sababu ya kombe amekosea hesabu. Kombe haliko mikononi mwake hata kidogo. Kilicho mikononi mwake ni kuona vizuri.

Oklahoma City walifika. Ushindi 40, kisha 57, kisha 68. Katika mchujo wa 2025 waliwapiga Memphis mchezo wa kwanza kwa tofauti ya pointi 51, wakawatoa Denver kwa michezo saba, na tarehe 22 Juni wakaifunga Indiana 103 kwa 91 katika mchezo wa saba wa fainali. Williams, yule wa Santa Clara, alikuwa amefunga 40 katika mchezo wa tano. Mtaani watu walioicheka timu ile walinunua jezi zake, na hawakuwa na kosa. Furaha ya ushindi haina mlango wa kukagulia tiketi.

Lakini tangu siku ile nimegundua kwamba naitazama timu yangu vibaya. Wakiongoza kwa pointi 20 nasinzia. Wakifungwa mchezo mmoja nakasirika, natafuta wa kulaumiwa, naangalia ubao. Jicho lililojifunza kuona kiwiko cha Dort sasa linaona matokeo tu, kama la mtu yeyote. Ubingwa humpa mshabiki vitu vingi na humnyang'anya hiki kimoja, kwa kuwa anayetarajia kushinda hana sababu ya kuchungulia. Dawa niliyoipata ni ya kujirudisha shule: mara moja moja naiacha Thunder ishinde bila mimi, natafuta mchezo wa timu mbili za mkiani ambazo sina undugu nazo, naandika jina la kijana mmoja nisiyemjua, na namfuatilia mpaka nielewe anakosea nini na kwa nini.