Jumamosi, Saa Kumi na Moja na Nusu

Kosa hutendeka Jumamosi jioni, saa kumi na moja na nusu, karatasi ya raundi ya tatu inapobandikwa ukutani. Mpaka dakika hiyo ukumbi ulikuwa na mashindano mawili ya sataranji chini ya jina moja. Waliochagua ratiba ya siku tatu walianza Ijumaa usiku kwa saa ndefu. Waliochagua ya siku mbili walianza Jumamosi asubuhi kwa saa fupi. Sasa wote wanamiminwa kwenye kapu moja, pointi zao zinahesabiwa sawa, na mfumo wa Kiswisi, unaokutanisha wenye pointi sawa, unawapanga kana kwamba wamepita njia moja. Hawakupita njia moja.

Msomaji aliyewahi kufuatilia wikendi za Marekani, hasa zile za Continental Chess Association ya Bill Goichberg, anaijua ratiba hii kwa moyo. Saa za kuanza huhama kidogo kutoka hoteli hadi hoteli, lakini umbo lake la kawaida ni hili: raundi tano. Wa siku tatu wanacheza Ijumaa saa moja usiku, Jumamosi saa tano asubuhi na tena jioni, Jumapili mara mbili. Kila mmoja ana dakika 110 kwa hatua 40 za kwanza, kisha dakika 30 za kumalizia. Wa siku mbili wanabanwa raundi mbili kati ya Jumamosi asubuhi na alasiri, dakika 60 kila mtu, na sekunde 10 za kuchelewesha kwa kila hatua, kama wenzao. Raundi ya tatu, muungano.

Dakika 140 upande mmoja, dakika 60 upande mwingine. Pointi ni ile ile.

Tazama meza moja tu wakati wa muungano. Kule wachezaji huja na ubao, kete na saa zao wenyewe, kwa hiyo kazi ya kwanza ya yule wa siku mbili ni kuinamia saa yake na kuipanga upya: afute 60, aweke 110, ahesabu hatua 40, aongeze kipindi cha pili cha dakika 30, arudishe sekunde 10. Vidole bado vina kasi ya alasiri. Akisahau kipindi cha pili, mwamuzi ataitwa hatua ya arobaini, kati ya watu walionyamaza. Mbele yake ameketi mtu aliyemaliza mchezo wa ngome kwa ngome mchana kwa kutafakari kila hatua robo saa alipotaka. Wote wana pointi 2 katika raundi 2. Mmoja alizipata kwa kupima, mwenzake kwa kukimbia, na kuanzia hapo hakuna karatasi yoyote ukutani inayoonyesha tofauti hiyo.

Watetezi wa muungano hujibu kwa hesabu ya uchovu, na hesabu yao ni sahihi. Mchezo wa dakika 60 wenye hatua 60 huisha ndani ya saa mbili na dakika ishirini. Miwili hiyo, ukiongeza mmoja mrefu wa jioni, ni karibu sawa na michezo miwili mirefu ya yule wa siku tatu. Wote hukaa ubaoni Jumamosi saa tisa na zaidi. Sawa. Lakini safu hii haijawahi kulalamikia uchovu. Inalalamikia kipimo. Watahiniwa wawili wakipewa karatasi ile ile ya hesabu, mmoja kwa saa moja na mwingine kwa saa mbili na dakika ishirini, hakuna mzazi atakayekubali majina yao yapangwe kwenye orodha moja kwa sababu tu wote walitoka chumbani wamechoka.

Raundi 2 kati ya 5 ni asilimia 40 ya mashindano. Kwa raundi 5, mfumo wa Kiswisi unaweza kumtoa mshindi mmoja asiye na doa katika watu 32, si zaidi. Hakuna nafasi ya kosa kujirekebisha. Mchezaji mwepesi wa mkono aliyefika 2 kwa kuangusha bendera za watu anasukumwa juu raundi ya tatu, anapangwa na mtu ambaye hakustahili kukutana naye mapema hivyo, na yule aliyekuwa na ngome na kitunda cha ziada akakosa dakika za kushinda yuko chini na pointi moja na nusu, akipambana na watu wa kundi jingine kabisa.

Na waandaaji wenyewe wanajua. Ushahidi umo ndani ya kanuni zao. Mara nyingi kundi la juu kabisa, lile la mabingwa, halipewi ratiba ya siku mbili hata kidogo. Sababu si siri. FIDE, shirikisho la dunia, inataka kila mchezaji awe na angalau dakika 90 kwa mchezo wa hatua 60 pale ambapo mmoja wa wachezaji ana reitingi ya 1800 au zaidi, na dakika 120 pale mmoja anapofika 2400. Dakika 60 na sekunde 10 kwa hatua 60 ni dakika 70. Hazitoshi. Kwa reitingi ya Marekani, jumla hiyo hiyo ya 70 inavuka mpaka wa 65 ambao chini yake mchezo ungehesabiwa pia kama wa kasi. Sekunde 10 zile ndizo zinazoufanya mchezo uitwe mrefu peke yake kwenye vitabu. Kinachokataliwa kwa mabingwa kinauzwa kwa mwalimu mwenye 1700 aliyelipa kiingilio na kusafiri.

Hoja ya gharama ina uzito, na ni lazima ipewe haki yake: usiku mmoja wa hoteli ni fedha nyingi, na si kila mwajiri humwachia mtu Ijumaa. Lakini hoja hiyo inadhoofika ukikumbuka ndugu wa muungano, yaani kuingia upya. Aliyepoteza Ijumaa usiku kwenye ratiba ya siku tatu anaweza kulipa tena na kuanza Jumamosi asubuhi akiwa safi, kipigo chake kimefutwa. Mwenye mfuko mmoja hubaki na kipigo chake.

Uingereza ya miaka ya 1970 nayo ilikuwa na dhambi zake. Mashindano ya wikendi yaliyolishwa na mfululizo wa Cutty Sark Grand Prix kuanzia 1974 yalikuwa na uamuzi wa mezani: muda wa kikao ukiisha, mtu wa pembeni alitazama ubao na kusema nani angeshinda. Ulikuwa utaratibu mbaya. Hata hivyo ubaya ule uliwagusa wote kwa kipimo kimoja, katika ukumbi mmoja, kwa saa za aina moja. Kizazi cha wachezaji Mark Hebden na Keith Arkell kilikulia kwenye wikendi za namna hiyo, na anayetaka kujua jinsi mtu anavyojifunza kubana ngome kwa ngome Jumapili jioni, achukue michezo ya Arkell.

Si dakika za ubaoni tu; saa ya kuanza nayo ni sehemu ya mchezo. Bobby Fischer alilijua hilo akiwa na miaka 18. Jumapili, Agosti 13, 1961, Los Angeles, mechi yake na Samuel Reshevsky ilikuwa 5½ kwa 5½ baada ya michezo 11. Wa 12 ulipangwa Jumamosi. Ukahamishwa kwa sababu Reshevsky, Myahudi mshika Sabato, hakucheza kabla ya jua kuzama. Uhamisho huo ulikuwa wa haki: Sabato ya Reshevsky ilijulikana na kila mtu tangu mwanzo. Ukapelekwa Jumapili alasiri. Kisha ukasogezwa tena hadi saa tano asubuhi, ili mfadhili wa mechi, Jacqueline Piatigorsky, awahi tamasha la mumewe, mpiga selo. Fischer, mtu wa kulala alfajiri, alikataa. Hakutokea, akahesabiwa ameshindwa, na mechi ikafia hapo. Wengi bado humwita mtoto msumbufu. Safu hii iko upande wake, kama ilivyokuwa siku zote: alidai masharti yale yale aliyokubali kuyachezea.

Mengine ya wikendi za Goichberg ni mazuri: raundi huanza kwa wakati, makundi ya reitingi yamegawanywa vizuri. Nairobi nayo, kwa kuweka mashindano ya wazi ya Kenya kwenye siku nne za Pasaka, huupa mchezo mrefu nafasi yake.

Kwa wikendi ya kawaida, dawa ipo na ni ya hesabu tu. Dakika 60 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, kwa kila mtu. Kwa hatua 60 hizo ni dakika 90, kiwango kile kile cha FIDE kwa wote walio chini ya 2400; waliofika hapo wabaki na kundi lao la siku tatu. Jumamosi saa tatu asubuhi, saa saba na nusu mchana, saa kumi na moja na nusu jioni: saa tisa za ubao, chini ya kikomo cha FIDE cha saa 12 kwa siku. Mchezo wa hatua 60 wa raundi ya tatu unaisha saa mbili na nusu usiku, na watu wanakula chakula cha moto. Jumapili saa nne asubuhi na saa nane mchana. Saa kumi na moja jioni mwalimu wa 1700 anafungasha kete zake, amecheza raundi tano kwa saa ambayo hakuipanga upya hata mara moja.