Aliyekaa Nyuma ya Mwimbaji

Katika ukumbi wa taarab, tunza ni ya mwimbaji. Watu huinuka vitini, huja mbele wakicheza taratibu na noti mkononi, wakamtunza, wakarudi wameridhika. Sijapata kumwona mtu akimpita mwimbaji kwenda kumtunza mpiga kanuni. Maalim wangu wa kanuni hakulalamikia jambo hilo hata siku moja. Mimi ndiye ninayetaka kulisemea, kwa kuwa hitima yake tumeshaisoma, na ustadi wake ulikaa pale ambapo macho ya ukumbi hayafiki.

Kanuni ni sanduku pana la mbao lisilo na shingo, hulazwa mapajani au mezani. Nyuzi zake hupita 70, na kila sauti hutolewa na nyuzi tatu zilizokazwa zikalingana barabara. Mmoja ukilegea kidogo tu, wenzake hawawezi kuuficha. Tena kile kijiti kinachozibeba hakikukanyaga mbao, kimekanyaga vipande vya ngozi, mara nyingi ya samaki, na ngozi haipendi unyevu. Unguja wakati wa masika hulegea, na kanuni nzima ikashuka sauti. Ndiyo maana Maalim alifika ukumbini mapema, mafundi wa spika wakiwa bado wanaburura nyaya. Ufunguo mkono wa kushoto, kidole cha kulia kikidonoa, sikio ameliinamisha karibu na ubao. Alizifuata tatu tatu mpaka mwisho, kisha akaanza upya, kwani kuzikaza hizi huwa kumeshazisumbua zile. Nikiukaza uzi kwa pupa alinishika mkono. "Usiutese, mwanangu. Ubembeleze, utapanda wenyewe."

Huo wote ni utangulizi tu. Kazi yenyewe ilikuwa kumsikiliza mwimbaji. Usiku mmoja bibi mmoja aliyekwisha kula chumvi nyingi alikuwa akiimba wimbo wa ujanani mwake, wenye sehemu ya juu ambayo kila mtu ukumbini aliisubiri. Alipoikaribia, pumzi ikamwishia. Maalim alishaliona hilo mabegani mwake kabla halijafika kooni. Akaipiga yeye ile sauti ya juu, vidole viwili vya shahada vikipokezana haraka, risha za kudonolea nyuzi zikitetemeka ndani ya pete za vidoleni mwake, na bibi akaidakia chini yake kana kwamba ndivyo wimbo ulivyotungwa. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele na noti zikamiminika kwa bibi. Maalim alikuwa amekwisha inama tena, akiurudisha uzi mmoja uliolegea.

Kwangu mimi huo ndio upeo wa sanaa: kuujua wimbo kiasi cha kuweza kuutoa mikononi mwako na kumpa mwenzio.

Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed bin Ibrahim mjini Cairo akajifunze kanuni. Mwaka 1905 kikundi cha Ikhwani Safaa kikaundwa, na hadi leo kipo. Tarehe hizo zimeandikwa. Ambacho hakiandikiki vizuri ni ile sauti ya pili ya bayati, mojawapo ya makamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, inayokaa katikati ya sauti mbili za kinanda cha kawaida, ambayo lazima mtu akupigie, nawe umpigie, akukatae, umpigie tena.

Maalim alisema sikio lake halikufundwa na chama chochote cha taarab, lilifundwa chuoni, kwenye mkeka, mbele ya mwalimu wa Kurani. Siku ya hitima nililiona hilo waziwazi. Tuligawiwa juzuu, wapiga fidla, udi na akodiani tumekaa bega kwa bega na jamaa zake, na ala hata moja haikuwepo. Msomaji alipofungua kwa sauti ya bayati, mzee mmoja wa fidla kando yangu akainua uso. Pale palipo pagumu, kwenye ile sauti ya pili, palisomwa pasipo kosa. Baadhi ya vijana walinong'ona kwamba mwanamuziki mkubwa namna ile angeagwa kwa bashrafu, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia taarab. Siafikiani nao. Alirudishiwa kile alichoanzia nacho.

Sasa kuna mazungumzo ya kuitundika kanuni yake ukutani, pamoja na picha. Nawaelewa wanaolitaka hilo, wana majonzi. Lakini nyuzi zitalegea na ile ngozi haitakuwa na wa kuiangalia. Yupo msichana aliyekuwa akija barazani kwake kila alasiri, na bayati yake imekwisha kukaa sawa. Apewe yeye, pamoja na ufunguo na zile pete mbili. Pete zilikatwa kwa kipimo cha vidole vya Maalim, sonara atazipunguza.