Amina ya Mgonjwa

Kate Bowler alikuwa na miaka 35, mwalimu wa historia ya Ukristo kule Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alipoambiwa ana saratani ya utumbo mpana, hatua ya nne. Ilikuwa 2015. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amechapisha Blessed, historia ya injili ya mafanikio, ile ya panda mbegu uvune gari. Sasa somo lake likamfuata hadi kitandani. Everything Happens for a Reason: And Other Lies I've Loved (2018) ndicho kitabu kilichozaliwa hapo.

Nguvu yake ni kwamba Bowler hawacheki waumini. Anakiri hata yeye, kimoyomoyo, aliamini maisha yana kanuni: jitahidi, omba, mambo yatanyooka. Shida ya kanuni hiyo iko wazi. Ukipona, imani ndiyo imekuponya. Usipopona, basi imani yako ilikuwa na kasoro. Yaani mgonjwa anabebeshwa uvimbe na lawama pamoja. Jirani anapokuja mlangoni kusema kila kitu kina sababu, mumewe Bowler anaomba tu atajiwe hiyo sababu. Unacheka, halafu unanyamaza.

Lakini imani haitupi. Pale ambapo ungedhani angehisi ameachwa na Mungu, anasimulia alivyohisi amebebwa na upendo na maombi ya watu waliomzunguka. Hisia hiyo ilikuja bila jibu, bila ahadi ya kupona. Kwangu hizo ndizo kurasa bora za kitabu.

Tunapotofautiana ni mwishoni, anapoorodhesha maneno ambayo mgonjwa hafai kuambiwa. Orodha ni nzuri, ila inamfaa mtu anayeweza kufunga mlango. Hapa Nairobi, anayekuambia "Mungu ana sababu" mara nyingi ndiye mweka hazina wa harambee yako. Yuko kwenye kundi la WhatsApp usiku wa manane, anajumlisha mia mbili mbili za kemo. Utamjibu nini, kweli? Unasema amina. Hofu unabaki nayo mwenyewe, maana ukionyesha shaka utaonekana huna shukrani.

Kwa hivyo kitabu hiki ningewapa kwanza watu wa kamati. Mgonjwa yaliyomo anayajua tayari. Ni sisi wachangaji ambao bado hatujajifunza kutuma pesa bila kudai ushuhuda.